Sumaku Haigongwi

Ukitaka kumkasirisha Mama Mashine, usimtukane. Matusi anayo ya kwake, tena mengi kuliko yako, na anajua kuyarudisha huku akiendelea kumimina mahindi. Chukua sumaku yake uiangushe. Niliwahi kumwona akiwaacha wateja kwenye foleni, akainama mbele ya sumaku iliyomponyoka mteja mmoja mkononi, akaiokota kwa mikono miwili, akaipuliza vumbi na kuipa pole. Kisha akamgeukia yule mteja. Aliyomwambia siyaandiki hapa, kwa sababu yule bwana tunasali kanisa moja.

Alizaliwa wapi, ukoo wake ni upi, alifikaje Mwamkulu, hayo sikumwuliza wala yeye hakunieleza. Nilimkuta tayari yupo, na mashine yake ya kusaga ipo, na kelele zake zipo. Mimi nilikuwa bwana afya mgeni, nimepewa pikipiki, begi la vifaa na kata mbili za kuzungukia, Mwamkulu na Kakese. Nilikagua vyoo, migahawa, machinjio na mashine za kusaga. Nilikuwa kijana bado, na cheo kilikuwa kimenikaa kichwani kuliko kofia.

Kwa asiyejua, mashine ya kusaga ina nyundo za chuma ndani yake, zinazunguka kwa kasi na kuyaponda mahindi. Nyundo hizo zinalika. Chuma kinacholika hakipotei, kinaingia kwenye unga, na unga unaingia tumboni. Ndiyo maana pale unga unapotokea huwekwa sumaku, ili ule unga wa chuma unase hapo. Bwana afya naye anakuwa na sumaku yake ndogo, anaifunga kwenye nailoni, anaipitisha kwenye beseni la unga kisha anatazama kilichonasa.

Wasagishaji wengine wote niliowakagua walisafisha sumaku zao kwa njia moja. Waliitoa, wakaigonga kwenye fremu ya injini, ko, ko, ko, uchafu ukadondoka, wakairudisha. Ni rahisi na haichukui muda. Mama Mashine hakugonga. Alikuwa na kijiti cha mninga alichokichonga bapa na kitambaa chenye unyevunyevu, na kila baada ya magunia matatu aliichomoa sumaku, akaipangusa taratibu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Jioni aliiviringisha kwenye kipande cha kitenge na kuilaza kwenye sanduku la mbao lenye pumba, mbali na injini.

"Sumaku haigongwi," aliniambia siku ya kwanza, kabla hata sijamaliza salamu. "Na moto haitaki. Andika hapo kwenye kitabu chako."

Sikuandika. Nilimwandikia kosa la alama za mkaa ukutani. Ukuta wa nyuma ya mashine ulikuwa umejaa vijistari vyeusi, safu kwa safu, nikadhani ni ushirikina. Nikamwambia mahali pa chakula panatakiwa ukuta mweupe. Alipaka chokaa siku ileile, nami nikaondoka nimeridhika. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimefuta kumbukumbu zake za miaka minne.

Vile vistari vilikuwa hesabu ya misumari. Kila Jumamosi jioni, kabla ya kwenda kuoga, aliichovya sumaku kwenye kopo la misumari midogo, akaiinua polepole, akahesabu mingapi imening'inia. Mmoja, kistari kimoja. Alianza zoezi hilo baada ya kuiua sumaku yake ya kwanza. Naye enzi hizo aligonga kama wenzake. Msimu ulipokwisha sumaku ilikuwa inainua misumari kumi na moja tu, wakati mpya ya aina ileile dukani iliinua thelathini na kitu. Akanunua ya pili. Hiyo hakuigonga, lakini siku moja aliiosha na kuianika juu ya ekzosi, lile bomba la moshi la injini ya dizeli, ikauke haraka. Ilipotoka hapo ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake kwa mchana mmoja.

"Nikakaa chini nikalia," alinisimulia. "Siyo kwa ajili ya sumaku. Nililia kwa kuwa nilikuwa nimewalisha watu msimu mzima, na mimi najiona nina sumaku."

Nilimwuliza kwa nini moto na kugonga viiue. Mimi nilisoma chuo, nilikuwa na jibu langu la darasani, lakini lake ndilo ninalolikumbuka. Alisema ndani ya sumaku kuna watu wadogo wadogo wasiohesabika, wote wamekaa kama kanisani, wanatazama upande mmoja. Wakiwa hivyo, wanavuta pamoja. Ukiigonga, wanashtuka, huyu anageukia mlangoni, yule anamtazama jirani. Ukiipasha moto, kila mmoja anatafuta upepo wake. "Wapo wote bado, hakuna aliyetoka. Ila hawavuti tena pamoja. Kwa nje utaiona nzima, rangi yake ileile."

Huruma hiyo iliishia kwenye sumaku. Vitu vingine vyote aliviendesha kwa kipigo. Injini ikikataa kuwaka aliipiga teke. Spana alizitupa hata alipokuwa hana hasira. Chai aliinywa ikiwa bado inatokota, na watoto waliokuja na ndoo zao aliwapigia kelele mpaka wakasimama mstari ulionyooka kuliko wa shuleni. Ila mtoto akija na mahindi mabichi, yasiyosagika, hakumrudisha. Alimbadilishia kwa makavu yake mwenyewe huku akimtukania mama yake, na kesho yake mama huyo akija kushukuru anatukanwa tena.

Sasa nije kwenye chupa, maana chupa ndiyo iliyotuponza wote wawili.

Uchafu alioupangusa kwenye sumaku hakuutupa. Aliutia kwenye chupa ya kioo, akaitundika mlangoni kwa waya. Kila mteja aliyeingia aliona ule unga mweusi ukipanda wiki hadi wiki. "Haya ndiyo ambayo hamkuyala," aliwaambia. Aliona fahari. Hakujua watu wanavyofikiri. Watu walitazama chupa, wakaitazama mashine, wakasema mashine ya huyu mama ina vyuma. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na msagishaji mwingine, bwana mmoja mpole, msafi, anayevaa koti jeupe. Kwake hakukuwa na chupa, wala sumaku yake haikunasa kitu cha kuonekana. Wateja wakaanza kuvuka barabara mmojammoja, kisha kwa makundi.

Hilo angelivumilia. Lililomuumiza ni shule. Yeye ndiye aliyesaga unga wa uji wa shule ya msingi, mahindi wanayochanga wazazi, na kazi hiyo aliipenda kuliko zote. Watoto wale aliwaita wanangu, wote, mamia. Siku moja kukatokea malalamiko ya mchanga kwenye uji na matumbo kuuma. Kumbe wiki zile injini yake ilikuwa mbovu na shule ilikuwa imesagisha ng'ambo, lakini nani alikumbuka? Chupa ilikuwa mlangoni, kila mtu anaiona. Mwenyekiti wa kamati ya shule akaja kunichukua.

Nilipima unga wa mashine zote mbili kwa sumaku yangu. Sikupata kitu, si kwa huyu wala kwa yule. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikatazama ile chupa, nikatoa karatasi, nikaandika barua kwamba mashine ya mama huyu inachanganya chuma na unga, isisage chakula cha shule mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Nikapiga mhuri. Nakala moja kwake, moja shuleni, moja kwenye faili.

Aliisoma akiwa amesimama. Nilijiandaa kwa matusi. Hakunitukana, na hilo lilinitisha zaidi.

"Bwana Afya, umenitoa kwa watoto," alisema.

"Ni utaratibu, mama."

"Mkutano wa wazazi lini?"

"Ijumaa."

"Nitakuja na jiko langu."

Ijumaa ile darasa la sita lilijaa, wengine wakachungulia madirishani. Mama Mashine aliingia na jiko la mkaa kichwani, likiwa tayari limekolea, nyundo mkononi na sanduku la mbao kwapani, watoto nyuma yake wamebeba jiwe, sinia la mchanga na mabeseni mawili ya unga, wake na wa ng'ambo. Akalitua jiko juu ya tofali, akamwomba mwenyekiti ruhusa ya kusema. Mwenyekiti akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa, nikiamini ataaibika.

Alitoa sumaku mbili za chuma, pacha, alizonunua siku moja. Akachovya moja kwenye misumari, akamwita mzazi mmoja ahesabu kwa sauti. Thelathini na mbili. Ya pili, thelathini na moja. Kisha akaiweka ya kwanza juu ya jiwe, akashika nyundo. Hapo alisita. Nilimsikia akiipa pole kwanza, mwanamke anayetupa spana kama maganda ya muhogo, na nadhani ndipo moyo wangu ulipoanza kunisuta. Akaipiga mara ishirini. Yule mzazi akahesabu tena, misumari kumi na tisa.

Akaitia ileile kwenye makaa, akapepea mpaka ikawa nyekundu, akaitoa kwa koleo na kuiacha ipoe kwenye sinia la mchanga. Wakati inapoa akaninyooshea mkono.

"Naomba ya kwako."

Nilimpa. Ilikuwa ile ya kufundishia, nyekundu upande mmoja na buluu upande mwingine, imeng'aa, haina hata mkwaruzo wa rangi kwa kuwa ilikaa kwenye mfuko wake wa ngozi. Akaichovya kwenye misumari. Ikainua mmoja, nao ukaanguka kabla haujafika usawa wa kifua chake.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Hii inasafiri wapi?" aliniuliza, kwa upole kabisa, kama daktari anayemwuliza mgonjwa amekula nini.

"Kwenye boksi la pikipiki."

Akatoka, mwenyekiti nyuma yake, wazazi nyuma ya mwenyekiti, mimi nyuma ya wote. Boksi langu la bati nilikuwa nimelifunga pembeni, juu kidogo ya ekzosi, maana hapo ndipo palipokuwa na matundu ya bolti. Ndani mlikuwa na spana, pampu na mnyororo wa akiba. Nilikuwa ndiyo nimefika kutoka Kakese. Akamwambia mwenyekiti aweke kiganja kwenye upande wa chini wa boksi. Mwenyekiti aliweka, akakitoa upesi na kukipuliza.

"Miaka miwili," akasema Mama Mashine. "Barabara ya Kakese nyie mnaijua ilivyo. Inagongwa na spana kutoka asubuhi mpaka jioni, chini inaokwa. Sasa mnataka ivute nini?"

Tuliporudi darasani, ile ya kwenye mchanga ilikuwa imepoa. Iliinua misumari miwili. Kwa macho ilikuwa nzima, imesawijika tu kidogo. Ndipo akachukua pacha yake, ile ambayo haikuguswa, akaifunga nailoni na kuipitisha kwenye beseni la unga wake. Ilitoka na vipunje vichache vya kuhesabu. Akaipitisha kwenye unga wa ng'ambo ya barabara. Ilitoka na ndevu.

Yule bwana wa koti jeupe akasimama. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa ameumia, akataka kuonyesha kwamba yeye ni msafi.

"Mimi sumaku ninayo," alisema, "na kila siku naisafisha. Sina haja hata ya kugonga. Naiweka juu ya ekzosi, uchafu unadondoka wenyewe."

Darasa likapasuka. Wazazi walicheka mpaka wengine wakashika madawati. Yeye mwenyewe alielewa katikati ya kicheko, akakaa na kufunika uso. Mama Mashine peke yake hakucheka. Alimwambia kesho aende na sumaku yake, atamsaidia. Na kweli alimsaidia. Aliisugua kwa sumaku yake kubwa, upande mmoja tu, bila kurudi nyuma, siku baada ya siku, mpaka ikarudi kwenye misumari kumi na kitu. Yangu pia aliisugua, akaniambia boksi nilihamishie juu ya taa ya nyuma na ndani nitandike godoro.

Kabla mkutano haujafungwa, kamati iliamua unga wa shule urudi kwake. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee mmoja wa kamati alibeba jiko lake kumrudishia nyumbani, jambo ambalo sikuwahi kuliona tena kwa mzee yeyote. Nami nilifurahi, nakiri, nilifurahi kama vile nimeshinda mimi. Miezi michache baadaye kila mashine ya Mwamkulu na Kakese ilikuwa na kopo la misumari, na wateja wakifika mahali pasipo na chupa mlangoni wanauliza uchafu wanauficha wapi. Hilo ni jambo kubwa. Sijui kama kuna bwana afya aliyewahi kulifanya, na mimi sikulifanya.

Ila kuna sehemu ya siku ile ninayoiruka kila ninapoisimulia, na leo siiruki. Mwenyekiti aliponiita niseme neno, nilisimama nikasema, "Ndugu wazazi, kumetokea hitilafu ya kifaa." Basi. Sikusema nilikosea. Mama Mashine alinitazama mpaka nikakaa. Barua sikuifuta. Niliona aibu kuandika kwa mkono wangu kwamba nilimhukumu mtu kwa chupa, nikajiambia mambo yamekwisha, ya nini kuyafukua. Nyani haoni kundule, na mimi la kwangu nililifunika kwa mhuri.

Mambo hayakuwa yamekwisha. Nilihamishiwa ofisini Mpanda mjini, nikajenga nyumba kata ya Nsemulwa, miaka ikapita. Kila bwana afya mpya aliyepangiwa Mwamkulu alifungua faili, akakuta barua yangu, akaanza ukaguzi wake kwa Mama Mashine. Wengine walimpindulia magunia wakitafuta vyuma. Mmoja alimfungia siku tatu, na shule ikakosa uji siku hizo tatu. Yote haya nilikuwa siyajui, au niseme sikuuliza.

Msimu wa mavuno uliopita, binti mmoja aliyeanza kazi karibuni aliingia ofisini kwangu na lile faili. "Shikamoo mzee. Huyu mama wa Mwamkulu ni msumbufu sana? Naona kuna barua hapa yenye sahihi yako." Nilikuwa nimebakiza miezi michache tu nistaafu. Niliisoma barua yangu upya, mwandiko wa kijana mwenye uhakika, na nikaona haya mpaka masikioni. Nikaandika nyingine ya kuifuta, nikataja kosa kuwa langu, nikapiga mhuri, nikapanda bodaboda.

Mashine zake siku hizi zinaendeshwa na umeme, nazo ni tatu. Foleni ilifika barabarani, akina mama na ndoo, bodaboda na viroba. Yeye amezeeka, macho yameingia ukungu, anakaa kwenye stuli karibu na swichi na kuamrisha. Lakini sauti ni ileile. Nilimwamkia, akanitambua kwa sauti.

"Bwana Afya. Umekuja kunifungia na wewe?"

"Hapana, mama. Nimekuletea barua. Ile ya zamani nimeifuta."

Nikamwekea mkononi. Aliipapasa, akaikunja mara mbili bila kuifungua, akaiweka mapajani. "Mimi siku hizi sisomi," alisema. "Imeandikwa nini?"

Nikainama sikioni mwake. "Imeandikwa kwamba nilikosea."

"Nini?"

"Nilikosea, mama."

"Mashine zinanguruma, sikusikii."

Alikuwa ananisikia. Nilimjua miaka yote hiyo, alikuwa ananisikia vizuri kabisa. Akanyoosha mkono kwenye swichi, akazima mashine ya kwanza, ya pili, na ya tatu, mahindi ya watu yakiwa ndani. Ngurumo ikashuka, ikafa. Foleni nzima ikageuka kututazama, wazee na vijana, na wengine walikuwa watu wazima niliowaona zamani na ndoo zao, wakinywa uji wa ile shule.

"Haya," akasema Mama Mashine. "Rudia."

Nikavua kofia. Nikawaambia watu wa Mwamkulu kwamba miaka ile niliandika kuwa mama huyu anawalisha vyuma, na kwamba haikuwa kweli, na kwamba aliyekuwa na hitilafu si kifaa, ni mimi. Waliokuwa mbali kabisa walisikia.

Aliinua kidevu, uso umemng'aa kama bibi harusi. Kisha akaziwasha zote tatu.

"Nani anafuata?" akauliza.